Dawati la Lugha: "Tafadhali tafuta kiambatanisho", jamani nitafute wapi?

Toleo lililopita nilijibu swali moja dogo la imeili za ofisini, na tangu hapo maswali ya viambatisho, yani yale mafaili tunayotuma pamoja na imeili, hayajakoma, kwa hiyo safari hii ukurasa wote nawapa nyie. Wale wa methali na misemo mnivumilie mpaka toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo dada. Niko kitengo cha mauzo kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma, wateja wetu wengi ni shule na halmashauri kwa hiyo imeili zetu karibu zote ni za Kiswahili. Bosi mpya kakataza tusiandike tena "tafadhali tafuta kiambatanisho" ila hajasema tuandike nini badala yake. Nimejaribu kuigeuza ile ya Kiingereza, "please find attached", kila namna, haikai. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Haikai kwa sababu haikuwa yetu tangu mwanzo, na bosi wako kakusaidia kuliko unavyodhani. Kwa Kiswahili mtu anatafuta kitu kilichopotea au kitu asichojua kiko wapi. Ukimwambia mtoto "nitafutie ufunguo" anajua ufunguo hauonekani. Sasa wewe kitu umekitia mwenyewe kwenye imeili, unajua kiko wapi, alafu unamwambia mteja akitafute, hata ukiweka "tafadhali" mbele bado umempa kazi isiyo yake.

Hili nilifundishwa na mzee mmoja, mkuu wa shule mkoani, enzi hizo nikiwa katibu muhtasi kwenye ofisi moja Dar. Tulimtumia orodha ya bei kwa imeili na sentensi ilikuwa hiyohiyo ya "tafuta". Kesho yake akapiga simu, nikamwamkia, akaitikia, alafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, mmeniambia nitafute kiambatanisho, nimetafuta mezani kwangu, nimemuuliza na karani, hakipo, mlikituma na basi gani?" Yule mzee alikuwa anasoma Kiswahili kama kilivyo. Kwa mtu wa mkoani, kitu kilichotumwa pamoja na barua kinakuja na basi, unakwenda stendi na namba ya simu unachukua. Kasoro ilikuwa kwenye sentensi yetu, na tangu siku ile sijaiandika tena wala sijamwachia mtu niliyemfundisha kazi aiandike.

Kiswahili kina maneno yake ya kumpa mtu kitu. Tunaleta, tunatuma, tunawasilisha, na mwenzetu anapokea. Hata zile barua za mkono za zamani zilikuwa na "pokea salamu zangu". Kwa hiyo "Tafadhali pokea kotesheni ya mabati" inakaa bila shida yoyote, au anza na kitendo chako mwenyewe, "Nimeambatisha kotesheni ya mabati". Zote mbili sawa, mimi napenda ya pili ukiwa unamwandikia mteja mnayejuana na ya kwanza ukiwa unamwandikia mtu kwa mara ya kwanza.

Ila kuna jambo kubwa kuliko kitenzi na hapa naomba unisikilize sana. Neno "kiambatisho" peke yake halimwambii mtu chochote. Ni sawa na kumpa mtu bahasha ukamwambia "shika bahasha" ukaondoka. Bahasha ya nini, ya nani, afungue sasa hivi au ampelekee mhasibu? Kitaje kitu kwa jina lake, useme viko vingapi kama ni zaidi ya kimoja, na useme unataka afanye nini nacho. Wewe wa vifaa vya ujenzi andika hivi: "Ndugu Mkuu wa Shule, nimeambatisha kotesheni ya mabati 120 ya geji 28 mliyoiomba Jumanne. Bei zimejumuisha VAT ya asilimia 18 na hazitabadilika kwa siku 30. Mkiridhika nayo, naomba msaini ukurasa wa pili na mnirudishie kwa imeili hii." Hapo hata kama yuko njiani na simu yake inagoma kufungua PDF, ameshajua kilichomo na ameshajua anachotakiwa kufanya, na neno kiambatisho hatujalitumia hata mara moja.

Heshima nayo inapanda na kushuka, usichanganye. Kwa mkurugenzi au ofisi ya serikali "nawasilisha kwako taarifa ya robo mwaka" imekaa vizuri. Kwa mteja, "tafadhali pokea" au "nimeambatisha". Kwa mwenzako wa meza ya pili "nimekutumia ile ripoti" inatosha. "Nimekurushia" na "nimekudondoshea" ziache WhatsApp, huko ndo kwao na huko hazina ubaya wowote, lakini kwa mkuu wa shule hurushi kitu. Na ile "husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu" iache kwenye barua za karatasi zenye YAH: katikati, maana kwenye imeili kichwa msomaji ameshakisoma kabla hajafungua, ukimrudisha juu unampotezea mstari wa kwanza ambao ndo unaoonekana kwenye simu yake.

SWALI: Dada habari za kazi. Kiambatisho au kiambatanisho? Hapa ofisini Mwanza tumegawanyika na kuna mmoja anasema zote mbovu, ni kiambishi.

JIBU: Huyo wa kiambishi mwambieni kwa upendo arudi darasani kidogo, kiambishi ni cha sarufi, ni ile "a-" na ile "-me-" kwenye "amefika". Hakiendi kwenye imeili.

Hizo nyingine mbili zimetoka tumbo moja. Mzizi ni ambata, yani kushika kwenye kitu usibanduke, kama gundi inavyoambata kwenye karatasi. Ukiambatisha umekifanya kitu kishike kwenye kingine, hapo ndo kinatoka kiambatisho. Ukisema ambatana umesema viwili vinakwenda pamoja, ndo maana kwenye taarifa ya habari unasikia Waziri aliambatana na Mkuu wa Mkoa. Ukiambatanisha umevifanya viwili viende pamoja, na hapo ndo kinatoka kiambatanisho. Kwa hiyo zote mbili zimejengwa sawasawa na zote zinatumika, serikalini mtaikuta sana hiyo ndefu. Mimi naandika kiambatisho kwa sababu ni fupi na kwa sababu imeili ndo mwili, faili limeshikizwa kwake. Chagueni moja ofisi nzima mbaki nayo. Kinachochosha ni imeili inayoanza na "kiambatisho", katikati ikasema "viambatanisho" na mwisho "vielelezo", msomaji akabaki anahesabu kama ni vitu vitatu tofauti, hasa kama ni mwanasheria, maana kwao kielelezo ni ushahidi.

Na kwa kuwa mmefungua mlango niseme na hili linaloniuma zaidi, upatanisho. Watu wamekariri "kilichoambatishwa" wanalibandika kila mahali, "taarifa kilichoambatishwa", "vyeti kilichoambatishwa", hata "mkataba kilichoambatishwa". Kitenzi kinafuata jina lililotangulia jamani. Ni taarifa iliyoambatishwa, vyeti vilivyoambatishwa, mkataba ulioambatishwa, majina yaliyoambatishwa, nyaraka zilizoambatishwa. Mkiona inasumbua kimbilieni "nimeambatisha" alafu jina linafuata nyuma, hapo hamna upatanisho wa kukosea, "nimeambatisha vyeti", "nimeambatisha mkataba", umemaliza. Na "viambatisho vilivyoambatishwa" ni kitu kimoja kimesemwa mara mbili, kata kimoja.

Wakati nao uangalieni. "Nimeambatisha" maana yake kipo humu humu kwenye imeili hii. "Niliambatisha" kipo kwenye imeili ya zamani, kwa hiyo taja tarehe yake. "Naambatisha" wengi wanaitumia na inaeleweka, ila mimi nikiisoma naona kama mtu bado ana faili mkononi.

SWALI: Salaam aleikum. Huku Mombasa twaona sana "tafadhali pata kiambatisho hapo chini". Ni sahihi?

JIBU: Waaleikum salaam. Hiyo ni ndugu yake "tafuta", imevuka kutoka Kiingereza kwa njia nyingine tu. Mtu anapata kazi, anapata homa, anapata habari. Faili ulilomtumia anapokea. Na "hapo chini" nayo iondoeni, kwa sababu programu moja inaonyesha faili chini ya maandishi, nyingine inaliweka juu kabisa pembeni ya jina la mtumaji, hujui mwenzio anafungulia wapi.

SWALI: Dada, sisi tuna kampuni ya kupeleka wageni mbugani, Arusha. Tulimtumia wakala mikataba miwili, wa msimu uliopita alinganishe na mpya asaini. Kasaini wa zamani, wenye bei za zamani, na sasa anatushikilia hapohapo. Imeili yetu ilisema "viambatisho vimeambatanishwa kwa taarifa na hatua zako". Kosa la nani?

JIBU: Poleni sana, na nitasema ukweli kwa sababu mmeniuliza, sio la wakala. Nimeiona imeili mliyonitumia, mafaili yote mawili yanaitwa scan0001, moja lina (1) kwenye mabano, na hiyo "kwa taarifa na hatua zako" imebeba mambo mawili ambayo kila moja lilikuwa la faili lake. Mmoja wa mikataba ulikuwa wa taarifa, mwingine ulikuwa wa hatua. Mkavitia kwenye kapu moja mkamwambia achague, na yeye kachagua unaomfaa.

Mngeandika hivi: "Nimeambatisha mikataba miwili. Faili la Mkataba_Mpya ndilo la kusaini, ukurasa wa 6. Faili la Mkataba_Zamani ni la kulinganisha tu, muda wake umekwisha, usilisaini." Sentensi tatu. Wakala akisaini huo wa zamani baada ya hapo mna pa kushika.

Jina la faili ni sehemu ya lugha ya imeili, watu wanasahau, wanahangaika na sentensi tamu alafu faili linaitwa "document final final 3". Kumbukeni mtu akishalisevu kwenye kompyuta yake sentensi yenu inabaki kwenye imeili, linaloondoka ni jina la faili peke yake. Wekeni kitu chenyewe, cha nani, tarehe. Ankara_Shule_Machi2025. Na mkituma toleo jipya semeni wazi limechukua nafasi ya lipi: "Hili linachukua nafasi ya nililotuma tarehe 3, lile naomba ulifute." Kwa leo mwandikieni wakala barua nyingine ya hivyo, mkubali kwamba imeili ya kwanza haikueleweka, mwombe asaini unaofaa. Watu wengi wakikubaliwa hivyo wanalegeza.

SWALI: Nikisahau kuweka faili nikatuma imeili tupu, narudije bila aibu?

JIBU: Rudi haraka na kwa maneno machache. "Samahani, imeili iliyotangulia haikuwa na taarifa. Sasa nimeiambatisha." Basi. Usiandike "kiambatisho kilisahaulika" kama vile kilijisahau chenyewe, na usiandike aya nzima ya mtandao na umeme, mtu anataka faili. Rudia na ile sentensi ya nini na afanye nini, maana atafungua imeili hii ya pili na ya kwanza hatairudia. Mimi dawa yangu ni kuweka faili kwanza kabla sijaandika hata neno "Ndugu", na jina la mpokeaji naliweka mwisho kabisa, kwa hiyo hata kidole kikiteleza imeili haina pa kwenda.

SWALI: Ripoti yangu ina MB 9, ofisi ya mfadhili wanasema seva yao inapokea mpaka MB 10, na bado inarudi. Pia nikiweka kiungo cha Google Drive naandikaje? Morogoro.

JIBU: Inarudi kwa sababu ya historia. Ray Tomlinson alipotuma imeili ya kwanza ya mtandaoni mwaka 1971 kilichosafiri kilikuwa maandishi tu, na njia yenyewe ikajengwa kwa ajili ya maandishi. Mpaka mwaka 1992 ndo ukatoka utaratibu unaoitwa MIME, wa Nathaniel Borenstein na Ned Freed, picha na sauti zikapata namna ya kupanda gari lilelile. Namna yenyewe ni kwamba faili lako linageuzwa kuwa herufi za kawaida, kila baiti tatu (baiti ni kipande kidogo cha data) zinakuwa herufi nne, kwa hiyo linavimba kwa theluthi. MB 9 zako zikifika njiani ni MB 12. Punguza picha za ripoti ifike MB 7 hivi, itapita.

Ukiweka kiungo usiite kiambatisho, kwa sababu msomaji ataangalia ile alama ya pini ya kubania karatasi haoni, ataandika "hakuna kitu". Sema "Ripoti ni kubwa, nimeweka kiungo chake hapa, ina kurasa 64, na mtu yeyote mwenye kiungo hiki anaweza kuisoma." Alafu hakikisha kweli anaweza. Kifungue kwenye simu ya mwenzako kwanza, maana hakuna kitu kinachovunja moyo kama mfadhili kukutana na ukurasa wa kuomba ruhusa saa kumi na moja jioni Ijumaa. Kama ni orodha ya mishahara au ya wagonjwa usiweke kiungo cha wazi, funga faili kwa nywila, na nywila yenyewe uipeleke kwa simu, isikae kwenye imeili hiyo hiyo.

SWALI: Shikamoo mama. Nimemaliza diploma ya uhasibu, niko Kigoma, nimeomba kazi sehemu kumi na moja kwa imeili sijajibiwa hata moja. Naomba uniangalizie ninachoandika: "Natumaini u mzima wa afya. Kwa heshima na taadhima naambatana na viambatanisho vyangu kama vinavyojieleza, naomba unifikirie. Asante na Mungu akubariki." Tangazo lilitaka barua ya maombi, CV na vyeti vya taaluma.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kazi zina mambo mengi na siwezi kusema zote kumi na moja zilikwama hapa, lakini hapa pana kitu cha kurekebisha na ni cha dakika kumi.

Kwanza "naambatana na viambatanisho vyangu". Kama nilivyosema hapo juu, kuambatana ni kwenda pamoja, kwa hiyo umesema wewe mwenyewe uko safarini na vyeti vyako. Ulitaka kusema "nimeambatisha". Pili "kama vinavyojieleza". Havijielezi. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo, nimewahi kupewa kazi ya kupanga maombi ya nafasi moja ya karani, imeili zilikuwa mia na zaidi, kila moja na mafaili matano sita, na nilikuwa na siku moja. Wenye kusema walichotuma niliwapanga kwanza kwa sababu ningeweza kuhakiki kwa jicho moja kwamba vyote vipo. Wenye "vinajieleza" ilibidi nifungue moja moja, nyingine zilikuwa picha zilizolala ubavu, cheti kimepigwa kwenye kitanda na shuka inaonekana, na zilipofika saa tisa alasiri nilikuwa nimechoka, nakiri, sikuzifungua zote kwa uangalifu ule ule. Inaniuma mpaka leo maana huenda palikuwa na mtu mzuri mle ndani.

Salamu ya afya si mbaya, sisi ni watu wa salamu, ila iwe fupi. "Kwa heshima na taadhima" iache kwenye barua yenyewe, kwenye imeili unaikabidhi barua tu. Na kichwa cha imeili usiandike "Maombi", wote mia wameandika hivyo. Andika "Maombi ya Mhasibu Msaidizi" na jina lako kamili.

Alafu ndani uandike hivi, ubadilishe panapohitajika: "Ndugu Meneja Rasilimali Watu, habari za kazi. Naomba nafasi ya Mhasibu Msaidizi iliyotangazwa tarehe 12. Nimeambatisha faili moja la PDF lenye kurasa 6: barua ya maombi iliyosainiwa (uk. 1), CV (uk. 2 na 3), cheti cha diploma ya uhasibu na matokeo yake (uk. 4 na 5), na cheti cha kidato cha nne (uk. 6). Napatikana kwa namba ya simu iliyopo hapa chini na niko tayari kuja kwa usaili siku yoyote mtakayonipangia."

Nenda stesheneri wakuskanie vizuri, waviunganishe viwe faili moja, gharama yake si kubwa na utaitumia kwa maombi yote yajayo. Lipe faili jina lako. Kama uliweka na cheti cha kuzaliwa au cha semina ya siku mbili, hawajaviomba, vitoe. Kabla hujatuma kwao jitumie mwenyewe kwanza, ulifungue kwenye simu ya mtu mwingine, uangalie kama ukurasa wa 4 unasomeka bila kuvuta kwa vidole, alafu uniandikie.